Birika Limesema Uongo

Jumatatu, 4 Machi

Kwa Mhandisi,

Sikuandikii kwa mapenzi. Naandika kwa sababu mpatanishi alisema, mbele yako na mbele yangu, kwamba tukiwa na la kuambiana tuliweke kwenye karatasi, maana kwenye simu tunatukanana. Haya, karatasi hii hapa.

Njoo uchukue vitu vyako. Sisemi viatu wala vitabu, hivyo nimeshavitia kwenye gunia viko chini ya ngazi. Nasema birika, friji, jiko, taa ya korido na ile mashine ya kufulia inayojitia ina akili. Wewe ulihamia mji mwingine kwa hiari yako, kampuni ikakupa nyumba nyingine, lakini vitu vyako havijapata habari. Jioni taa ya korido inawaka kukusubiri na haizimiki mpaka niitishie ufagio. Friji linaandika kwenye kioo chake kwamba maziwa yake yamebaki kidogo. Yake nani? Mimi maziwa sinywi, unajua. Jana birika limeanza kuchemka lenyewe alfajiri nikiwa kitandani, nikakurupuka nikidhani mwizi ameingia na njaa zake.

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari. Kutwa nakaa pembeni ya mtu asiyejua anachofanya, mguu wangu uko juu ya breki ya pili, roho mkononi. Nikirudi nyumbani nataka kukaa na vitu vinavyokubali kwamba havijui.

Masharti usinikumbushe, nayajua. Nyumba ni yako, mimi naruhusiwa kukaa mradi nisiweke mwanamume ndani, na majaribio ya kampuni yenu yanaendelea humu mpaka Juni. Sahihi niliweka. Lakini sikuweka sahihi ya kuishi na mzimu wako kwenye soketi.

Breki
(Jina ulinipa mwenyewe. Nalitumia kwa hasira.)


Jumatatu, 11 Machi

Breki,

Barua nimeipata. Nimeisoma nikitafuta hoja, nikakuta ufagio.

Naomba nikueleze kwa mara ya mwisho, taratibu, kama unavyowaeleza wanafunzi wako siku ya kwanza. Kifaa cha kawaida kinasubiri kubonyezwa. Vifaa vyetu vinaangalia hali ya mtumiaji: nani ameingia jikoni, anakanyaga vipi, anaanza na nini, leo ni siku ya kazi au ya kupumzika. Kisha vinamtayarishia anachotaka kabla hajakitaka. Havina kamera na havisikilizi maneno, kwa hiyo hilo la kwamba nakuchungulia liondoe kichwani. Vinajua mazoea tu. Na mtu ni mazoea yake. Nilikwambia hivyo siku tulipojuana, ukacheka, nikadhani umenielewa.

Humo ndani mimi ni Mtumiaji wa Kwanza na wewe wa Pili. Nakumbuka ulivyonuna kwa kuitwa wa pili, hukuligusa jiko mpaka nikaanza kula hotelini. Vifaa bado vinanisubiri kwa sababu kila ukikasirika unachomoa nyaya, vinaanza kujifunza upya. Usingechomoa, vingeshanisahau. Kasoro haiko kwenye kifaa, iko kwako.

Havitoki hapo mpaka majaribio yaishe. Kampuni inahitaji nyumba ya kweli yenye mtu wa kweli ndani. Hata mtu mgumu kama wewe ana faida yake.

Na kwa kuwa masharti umeyataja mwenyewe, yaheshimu.

Mhandisi


Jumatatu, 25 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mguu wa baridi haukusumbui. Naandika kwa kuwa wewe na simu hamsikilizani, na mimi siwezi kupiga kelele ofisini.

Nina kisa cha kukuchekesha. Wiki iliyopita lile birika nililokuwekea lilinitumia taarifa ya uongo. Lilisema Jumatano kutwa nzima hukuchemsha chai na jikoni hakukanyaga mtu. Nilicheka peke yangu. Mama yangu mimi akose chai? Hata siku ya msiba wa baba ulichemsha kwanza, ndipo ukalia. Nikajua ni kasoro ya kifaa, nikalirekebisha kutoka hukuhuku bila kuinuka kwenye kiti. Tangu wikendi limetulia, kila asubuhi linaniambia chai imechemshwa. Basi nalala kwa amani nikijua uko salama.

Pamoja na barua hii pokea taa ya bafuni. Inawaka yenyewe ukiingia, usije ukateleza.

Kuhusu yule mwanamke, mambo ni yaleyale. Ulinionya nisimwoe, sikukusikia. Haya ndiyo matunda yake.

Mwanao


Jumanne, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Taa nimeipata. Nzuri. Imechelewa kidogo, lakini nzuri.

Unasema birika limesema uongo. Sawa, baba. Wewe ndiye unayelijua.

Unasema unalala kwa amani. Lala.

Mimi nipo. Ukitaka kujua zaidi ya hapo utauliza, sitaki kukuchosha na habari ambazo hukuomba.

Yule mwanamke nilikuonya kwa sababu anajibu. Bado anajibu.

Mama yako mzazi


Jumatatu, 15 Aprili

Breki,

Sasa nimeelewa kwa nini ulitaka vifaa viondoke.

Kuna mtu ndani ya nyumba yangu. Usijisumbue kukataa. Tangu mwisho wa Machi mfumo unaandika kwamba Mtumiaji wa Kwanza amerudi nyumbani. Nipo huku, nimekaa mezani kwangu, nasoma kwamba nimeamka kabla ya jua, nimefungua dirisha la jikoni kabla ya kugusa kitu kingine, nimechemsha maji. Nasoma kwamba nimefungua friji, nimelifunga, halafu nimelivuta tena kuhakikisha limefunga. Nasoma kwamba nimezima jiko kabla chakula hakijaiva, ili kimalizikie kwenye joto lililobaki. Nilidhani dunia nzima anayefanya hivyo ni mimi. Wewe ulikuwa unanicheka, ulisema napika kwa ubahili.

Juzi nikiwa mkutanoni na wakubwa, simu yangu ikatangaza kwa sauti: "Unaonekana unachechemea. Ungependa taa ya korido iwake mapema?" Wakubwa wote wakanitazama miguu.

Kwa hiyo mwanamume wako anachechemea, anaamka mapema na ana tabia zangu zote. Umemtafuta muda mrefu? Au umemfundisha mwenyewe, si ndiyo kazi yako?

Nakupa nafasi moja ya kuniandikia ni nani. Usipoiandika, sharti limevunjika na nyumba utaihama. Nitampelekea mpatanishi taarifa zote, siku kwa siku. Kifaa hakina chuki na mtu wala hakiongopi.

Mhandisi


Jumatatu, 22 Aprili

Mhandisi,

Ndiyo, kuna mtu.

Anakula kwenye kiti chako. Analala kwenye kile chumba ulichokuwa unakiita ofisi, nimetupa waya zako nje nikaweka kitanda. Anaamka kabla ya jogoo na kunifungulia dirisha baridi lote liingie. Anakagua mboga nilizochambua na kuzichambua upya. Amenipangia kabati la vyombo mpaka mwenyewe sijui kijiko kiko wapi. Ananikosoa kuanzia chumvi mpaka viatu ninavyovaa kazini. Ukidhani nimejitafutia raha, pole sana.

Ni nani, sikuandikii. Si kwamba naogopa. Nimemwapia mtu kwamba sitasema, na mimi nikiapa nimeapa. Ulinijua kwa hilo kabla hujanijua kwa breki.

Unasema kifaa hakiongopi. Mbona kuna siku kilikwambia ukweli ukauita uongo? Fikiri vizuri, utakumbuka. Ukikumbuka hutakuwa na haja ya jibu langu.

Miaka yote tuliyokaa pamoja ulilifundisha birika linijue. Likajua siku nikiwa na homa, likanichemshia maji mapema. Wewe ulirudi jioni ukanikuta nimejifunika, ukaenda moja kwa moja kutazama kama birika limefanya kazi. Ukafurahi. Ukaniandika kwenye ripoti. Pole hukunipa. Ndiyo maana niko huku na wewe uko huko. Nilikuwa sijawahi kukwambia, leo nimekwambia.

Mlete mpatanishi. Waite na wakubwa zako wenye macho ya kutazama miguu.

Breki


Kwenye mlango wa friji, Jumanne, 23 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natoka mapema, nina mwanafunzi wa mtihani. Chai iko kwenye chupa. Dawa ni baada ya kula, siyo kabla. Na kabati la vyombo naomba uliache.

Hii niliyobandika hapa chini ni barua ya mwanao. Ilikuja juzi, nimekaa nayo nikitafuta namna ya kukuonyesha. Anasema nimeweka mwanamume na atanitoa ndani ya nyumba. Nikitoka mimi, na wewe unatoka, maana hatujui kwingine pa kwenda zaidi ya kule kwako kwenye bafu lile lile. Uliniapisha nisimwambie kwamba uko hapa wala kwamba ulianguka, nami sijamwambia. Lakini mama, naitwa malaya kwa ajili yako. Niruhusu niseme.

Jioni nataka jibu. Nasema jibu, siyo habari za marehemu baba mkwe.

Mkweo


Mkwe,

Marahaba. Chai yako ni maji ya kuoshea vikombe, nimeimwaga nikapika nyingine. Kabati nimelipanga kwa sababu vikombe vinakaa chini. Mtu mwenye mguu mbovu asipandishwe kwenye kigoda.

Barua nimesoma. Neno hilo hakuliandika, lakini mimi nimeliona na sijalipenda, ingawa nawe unapenda kumchokoza.

Siku niliyolala chini bafuni kutwa nzima, alipata habari. Birika lilimwambia. Akalirekebisha birika. Hakujiuliza mama yuko wapi, alijiuliza kifaa kina nini. Leo anajiuliza nani yuko jikoni kwako. Basi ajiulize vizuri. Anayefungua friji na kulivuta tena anamjua, amekua akimwona. Simtajii. Akiniuliza, nitamjibu.

Wewe ukimwambia, narudi kwangu leo hii hata kwa kutambaa.

Dawa nimekunywa kabla ya kula. Sijafa.

Mama


Alhamisi, 2 Mei

Breki,

Muda niliokupa umekwisha. Jumamosi ya tarehe 11 nitakuwa hapo asubuhi pamoja na mpatanishi. Mfumo unaonyesha Jumamosi mtu huyo haondoki jikoni mpaka jua lipande, kwa hiyo kutoroka hatawahi. Ufunguo ninao.

Anza kufunga mizigo yako. Gunia liko chini ya ngazi, umelitaja mwenyewe.

Mhandisi


Jumatatu, 13 Mei

Mwanangu,

Safari hii sianzi na marahaba, kwa sababu Jumamosi hukuniamkia.

Ulifungua mlango kwa ufunguo wako, mpatanishi nyuma yako ameshika kofia kama mtu aliyeingia matangani. Mimi nilikuwa jikoni na mwiko. Ukaniona. Ukasema, "Mama, kumbe na wewe umeitwa kushuhudia," ukanipita. Nikakusikia chumbani unafungua makabati, unavuta kitanda, unainama uvunguni. Mpatanishi alikuwa ameniamkia, akaanza kutazama sakafu. Mkwe alikaa kwenye kiti amekunja mikono, hakusema hata moja, na mtu huyo kukaa kimya unajua ni kazi.

Ukarudi, vumbi magotini, ukaniuliza, "Yuko wapi?" Nikakujibu kwamba unayemtafuta ndiye huyu ameshika mwiko. Nikazima jiko, chakula bado hakijaiva. Nikafungua friji, nikalifunga, nikalivuta tena. Nilifanya makusudi, uone.

Hapo ndipo uliponiumiza. Mguu wangu una bandeji mpaka kwenye goti, gauni halikuuficha, wala hukuutazama. Ulitazama simu, kuona kama ninayosema ni kweli.

Sasa nitakueleza, kwa sababu angalau umeuliza, hata kama ulikuwa unamwuliza mwingine. Ile Jumatano niliteleza bafuni asubuhi kabla sijachemsha chochote. Mguu uligoma. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikajiambia, mwanangu ameweka birika, likikosa chai litamwambia, naye atapiga simu kwa jirani. Nililala pale chini nikilitegemea birika lako. Mchana nilikuwa nahesabu vigae. Jioni jirani alikuja kurudisha sufuria, ndipo alipovunja mlango. Halafu jirani akaniletea huku barua yako ya kunichekesha, na taa ya bafuni.

Jirani alipofunua ile karatasi ya namba ukutani, jina lako lilikuwa juu, akapiga, simu yako ilikuwa imezimwa kwa ajili ya mkutano. Jina la pili lilikuwa la huyu mwanamke, sikulifuta kwa uvivu tu. Alikuja na gari lao la mafunzo, lile lenye herufi kubwa ubavuni, katikati ya somo. Alikaa nyuma amenishika, akamwacha mwanafunzi wake, mama mmoja wa makamo, aendeshe mpaka hospitali. Gari lilizimika kila kilima. Yeye anamwelekeza huku ananigombeza kwa nini naoga bila ndara, na mimi namgombeza kwa nini anamgombeza mgonjwa. Tumegombana hivyo mpaka leo. Anapika chumvi nyingi. Lakini ananivua na kunivalisha soksi, na hajawahi kuniuliza nitaondoka lini.

Birika la kwangu anachemsha jirani kila asubuhi. Nilimwomba kwa hasira, ili uendelee kulala kwa amani. Hilo ni kosa langu, nalikubali, lakini nililifanya nikitaka siku moja uamke.

Hilo la kuzima jiko mapema hukuligundua wewe. Nilikuwa nafanya ukiwa mgongoni kwangu, tulipokuwa na jiko la mafuta na mafuta hayatoshi. Kulivuta friji mara ya pili ni kwa sababu friji letu la kwanza lilikuwa halifungi. Unatembea na umasikini wangu mwilini ukidhani ni akili yako. Sikatai uwe nao. Nasikitika tu hukuutambua ulipokutana nao jikoni.

Kabla hujaondoka ulisema utaniletea godoro linalojua kama nimelala au sijalala. Nilikataa mbele ya mpatanishi na bado nakataa.

Kitu kimoja kibaki. Mkwe alitaka kuing'oa taa ya korido, nimemzuia. Nikitoka chumbani asubuhi inawaka mara moja, kabla sijafika. Nimezoea kuiambia kwamba nimeamka.

Mama yako


Jumatatu, 20 Mei

Breki,

Ulinifanya mjinga mbele ya mpatanishi. Neno moja tu ungeandika, "mama", lingetosha. Ulikaa na kiapo chako ukanitazama nikiinama uvunguni. Hilo sitakusamehe haraka.

Mpatanishi amesema sharti halikuvunjwa na nyumba unakaa. Sina cha kuongeza. Lile neno nililolikusudia bila kuliandika, nalirudisha.

Nimefungua mfumo kusahihisha. Nimefuta pale palipoandikwa kwamba Mtumiaji wa Kwanza amerudi. Skrini ikaniuliza mtu huyu ni nani, nikaandika Mama. Ikaniuliza mazoea yake ili vifaa vimhudumie vizuri. Nimekaa mbele ya ile skrini mpaka ofisi ikafungwa. Kila nilichotaka kuandika kilikuwa changu. Saa yangu ya kuamka, chai yangu, dirisha langu. Sijui yeye mwenyewe anapenda chai ya namna gani. Nilikuwa napokea taarifa kwamba amechemsha, haikuwahi kunijia kuuliza anachemsha nini. Sijui kama analala vizuri. Mfumo unasema anachechemea, haujui ni mguu gani, na mimi nilikuwa humo ndani nikaondoka bila kujua.

Nimekutumia karatasi ya maswali. Tafadhali ijaze, unirudishie. Sitaki godoro tena, usimwambie. Nataka tu vifaa viwe na habari sahihi.

Nimeandika tafadhali. Soma tena kama hukuiona.

Mhandisi


Jumapili, 26 Mei

Mhandisi,

Tafadhali yako nimeiona. Ni ya kwanza tangu tuachane, nimemwonyesha mama, akasema labda umekosea kuandika.

Karatasi ya maswali sijaijaza. Iko chini ya mguu wa meza, meza ilikuwa inayumba. Mguu wa mama ni wa kushoto. Nakupa hilo moja, kwa sababu hata mpatanishi aliliona. Mengine sikupi. Chai anapenda vipi, analala upande gani, kwa nini anaamka mapema siku hizi kuliko zamani, analia kwa sababu gani akisikia gari linasimama nje halafu si wewe, hayo yako kwake. Anaongea. Anaongea sana. Muulize.

Na usifikiri nimekuwa upande wako. Nikikukumbuka uvunguni nacheka mpaka wanafunzi wangu wanaomba tusimamishe gari. Kuna maneno yako ambayo bado yananikereketa, na kuyarudisha kwa mstari mmoja mwishoni mwa aya hakutoshi. Ukija, utagonga. Ufunguo wako umebaki bila kazi, nimebadilisha kitasa. Mlango huu sasa haujui mtu yeyote, unafunguliwa na aliye ndani akisikia hodi.

Friji nimelichomoa, nanunua kila siku. Jiko tunawasha na kuzima wenyewe, mama anazima mapema, nami namwashia tena kwa siri. Taa ya korido ipo. Leo asubuhi nimemsikia anaiambia, "Nimeamka, baba." Sikuwa nimejua kwamba anaiita hivyo. Nilirudi kitandani nikajifunika, kwa sababu kama ningetoka ningesema kitu kibaya juu yako, na yeye hapendi.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mama amemtumia jirani ujumbe. Kuanzia Jumatatu ya tarehe 3 Juni birika la kule kwake halitachemshwa tena, jirani amechoka na chai ya kulazimishwa. Asubuhi hiyo utapata taarifa mezani kwako. Itasema mama hajachemsha chai na jikoni hakuna mtu.

Mama amekaa hapa ananitazama nikiandika. Ameniambia niongeze, safari hii usilirekebishe birika.

Breki